Mke wangu anataka mjukuu wetu akatwe kimio

Mtoto mchanga akikohoa na kushindwa kunyonya, wengi wetu tunasema ni kimio, kile kinyama cha kooni, tunamtafuta mkataji. Tunakosea. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Bunda, nina miaka sabini na minne. Admin, jina nifichie.

Miaka ile maduka yalipokuwa matupu na hata sabuni ni ya foleni, tulipata mtoto wetu wa kwanza. Alikuwaga ananyonya kidogo, anaachia, anahema, kichwa kinalowa jasho hata asubuhi ya baridi. Akakatwa kimio. Hakupata nafuu. Tulipofika hospitali Musoma, filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha. Daktari alimsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akanieleza: moyo ni nyumba ya vyumba vinne, na wa huyu umezaliwa na tundu ukutani. Damu inapita pasipo pake, inajaa mapafuni. Kwake kunyonya ni kama wewe kupanda mlima na gunia la pamba. Wakati ule hatukuwa na pa kumpeleka. Tulimzika. Sikulia. Hata sasa nikiandika, sisikii kitu.

Juzi tulikwenda Nyasho, mjini Musoma, kwa binti yetu kitindamimba aliyejifungua. Nikamtazama mtoto akinyonya. Ni vilevile.

"Kimio hicho," mke wangu akasema. "Jumamosi anakuja mzee wa kukata, anatoka Butiama."

"Mama Neema, huo ni moyo. Siku hizi unatibika."

"Mwalimu, wewe hata kuku unawafundishaga! Yule wa kwanza tulichelewa kumkata, ndiyo maana alikufa. Huyu simcheleweshi."

Binti yetu alimtazama mama yake, akaniangalia mimi, akamhamishia mtoto titi la pili.

Nimefikiri sana njiani kurudi Bunda. Mama Neema akikubali ni moyo, itambidi akubali kwamba yule wa kwanza tulimuumiza bure, na yeye ndiye aliyemshika kichwa mtoto akikatwa. Ni mke wangu, sitaki kumvunja. Lakini sitaki kuzika tena.

Mliopitia haya, nishaurini: nimwambieje ili anielewe kabla ya Jumamosi?

Na wewe mwenye mtoto mchanga, mtazame leo anaponyonya. Akihema na kulowa jasho, mpeleke hospitali leo hii, uombe asikilizwe moyo.