Gitaa la Pembe Mbili

Miaka ya tisini kaka yangu alikuwa mpiga solo wa bendi moja ya benga pale Kosele, na mambo yalikuwa shwari mpaka rafiki yake alipomletea kutoka Nairobi jarida la wapiga gitaa wa hevi metali, roki ya milio ya kukwaruza na kutikisa vichwa. Alilisoma kama Biblia. Kila mpiga gitaa mle alikuwa na gitaa la umbo lake mwenyewe: moja kama nyota, jingine kama shoka, jingine lina pembe mbili kama herufi V.

"Unaona?" aliniambia. "Hawa, gitaa likitokea tu, unajua ni nani anakuja. Mpiga solo bila gitaa lake ni kama padri wa kuazima kanzu."

Seremala wa Kosele alikataa kumchongea gitaa la namna hiyo, kwa hiyo tukaenda Sori kwa fundi wa mashua. Kaka akamwonyesha picha ya lile la pembe. Fundi akaitazama, akaigeuza juu chini.

"Omera, ndugu yangu, hii itabeba watu wangapi?"

Hata hivyo alilichonga kwa mbao za mashua, akalipaka rangi nyekundu. Kaka akalifungia shingo, nyuzi na sumaku za kunasa mlio kutoka gitaa lake la zamani. Lilikuwa zito kama ndama. Tena halikukubali kupakatwa: kila akikaa, linateleza pajani na kumdunga mguu. Ikabidi afanye mazoezi amesimama, mimi nikimpepea.

Alilitoa hadharani kwenye harambee ya kuezeka kanisa. Bendi ilianza vizuri. Zamu ya solo ilipofika, kaka akafungua amplifaya hadi mwisho. Spika ilikuwa imepasuka, basi mlio ukatoka unakwaruza, vilevile alivyotaka. Akapiga magoti, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na nyuki sikioni.

Akina mama wa maombi wakasimama wote, wakamzunguka wakipaza sauti. Yeye akadhani ni mashabiki. Akazidisha.

"Toka! Toka!" mmoja alipiga kelele, amemshika kichwa. Mwingine akammwagia ndoo nzima ya maji. Amplifaya ikakohoa, ikazima.

"Limetoka!" Uwanja mzima ukashangilia.

Kaka akafumbua macho. "Nini kimetoka?"

"Pepo, nyathina," alijibu yule aliyemshika kichwa, akimfuta jasho kwa kitambaa chake. "Pole sana, mwanangu."

Wiki ikapita. Kisha mama yuleyule akaja nyumbani na mchungaji. Kwaya haikuwa na mpiga gitaa.

"Uje na hilohilo," mchungaji alisema. "Watoto wanaliulizia sana. Lakini kichwa kitulie."

Kaka akauliza, "Na nikizidiwa na utamu?"

"Tikisa bega," alisema mchungaji. "Moja."