Fundi Makochi na Albamu ya Nne

Mkunga aliyempokea Kishindo alisema mtoto huyu hakuja kwa kilio, alikuja kwa mateke. Alipofika miaka saba, nyumbani kwao haikubaki sufuria isiyobonyea. Mama yake alikuwa akimwambia, "Debe tupu linavuma lenyewe, mwanangu, halikuombi msaada." Hakusikia.

Alipokua akawa fundi makochi, tena fundi hasa. Kiti alichokishona yeye, mtu akikikalia alisahau alikuwa anakwenda wapi. Lakini Jumamosi zilikuwa za ngoma. Alianzisha bendi na mdogo wake wa kike, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya kukwaruza, na mume wa mdogo wake huyo, fundi redio, ndiye wa gitaa. Walipiga roki, na roki yao wenyewe, ile isiyochezeka harusini. Waliocheka walicheka mpaka wakachoka, wao wakiendelea. Miaka ishirini na miwili, albamu tatu, na kwenye jalada la kila moja imeandikwa: *ngoma, Kishindo*. Mkewe kayatundika majalada yote matatu ukutani, juu ya picha yao ya harusi.

Ikaja zamu ya albamu ya nne. Wakakubaliana kurekodia kwao, katika stoo iliyo nyuma ya karakana ya makochi.

"Chumba niachieni mimi," Kishindo akasema.

Wiki tatu nzima alipigilia sponji ukutani, darini na mlangoni, akafunika kwa kitambaa chekundu chenye vifungo, kama migongo ya makochi ya wakubwa. Majirani walikuja kutazama. "Humu," aliwaambia, kifua mbele, "mbu akipiga chafya, mwenzake wa pembeni hamsikii."

Jumamosi asubuhi akaja fundi mitambo wa kurekodi waliyemkodi, binti mdogo mwenye kompyuta na maikrofoni zake. Wakapiga wimbo wa kwanza. Binti akakunja uso.

"Baba, ongeza nguvu kidogo."

Akaongeza.

"Kidogo tena."

Akapiga mpaka shati likamganda mgongoni, na kadiri alivyotumia nguvu ndivyo alivyoachwa nyuma na wenzake.

"Shemeji," akasema mwenye gitaa, "unapiga ngoma au unakanda unga?"

"Nyamaza wewe! Gitaa lenyewe linalia kama mbuzi mwenye mafua!"

Walicheka, ila binti hakucheka. "Baba, usikasirike. Kompyuta hii ina ngoma zake. Naweza kuziweka, wewe ukapumzika."

Mdogo wake Kishindo alitazama viatu vyake. "Kaka, tujaribu wimbo mmoja tu."

Kishindo hakuwa mtoto. Wimbo mmoja huzaa kumi, na jalada la nne lingetoka bila jina lake. Akatoka, akaingia karakanani, akachukua nyundo na kulikabili kochi la mteja lililokuwa mifupa mitupu. Akagonga msumari. Pa! Sauti ikapanda kwenye bati, ikashuka mpaka kwenye sakafu ya saruji. Akagonga tena. Pa!

Mkono ukabaki hewani. Mkono ni uleule! Akageuka kuutazama ule mlango mwekundu. Miaka yote hii kazi yake ilikuwa kunyamazisha springi zisilie chini ya makalio ya watu. Sasa kainyamazisha na ngoma.

Lakini kusema? Vifungo mia mbili, kila kimoja kwa mkono, na majirani wamekwisha kusifu! Kisha akachukua koleo, akarudi stooni, akaanza kung'oa.

"Kaka! Unafanya nini?"

"Nawafungulia. Nimewafungia ndani ya kochi."

Shemeji yake alicheka mpaka akauegemea ukuta, ukuta ukambonyea, akacheka upya. Mkewe Kishindo akaja mbio kusikia kulikoni.

"Na vifungo nilivyokusaidia kushona, vidole vikaota sugu?"

"Nitakushonea mto, mama watoto."

"Mito mitatu."

"Mitatu."

Walipoona kung'oa kutachukua siku nzima, wakahamishia ngoma karakanani na kuyatoa makochi yote nje, barabarani. Mara ya kwanza Kishindo aliwatangulia wenzake. Mara ya pili shemeji alikosea, akamsingizia mkewe. Mara ya tatu ngoma ilitoka pale kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwalimu wa hesabu akaimba kwa macho yaliyofumbwa.

Binti akavua vipokea sauti vya masikioni. "Baba, mbona hukusema una mkono huu?"

"Ulinipa nafasi? Uliniambia nipumzike."

Binti akacheka kwa mara ya kwanza, akazifuta ngoma za kompyuta mbele ya macho ya Kishindo. "Haya, baba, wa pili."

Saa tisa wenye makochi walikuja kuchukua mali zao, wakakuta majirani wamejazana juu yake, wanatingisha vichwa. Wakaambiwa wasubiri, wimbo wa tano haujaisha. Walinung'unika kidogo, wakasogezewa nafasi, wakakaa.