Visanduku Vitatu Vyeupe

Mjomba wangu alitegua mabomu ya ardhini miaka tisa, akavishwa nishani ya ushujaa. Lakini hati yake ya kuachishwa jeshi inasema alikuwa mpishi, hakufika vitani, hana nishani. Kisa? Siku karani wa kikosi alipopita kuandika kazi ya kila askari, alimkuta mjomba jikoni, amemshikia zamu mpishi mgonjwa. Mvivu yule hata kuuliza hakuuliza!

Miaka minne sasa tunapigwa danadana, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Leo nimempeleka mwenyewe ofisi ya kumbukumbu, nimefura kwa hasira. Binti wa dirishani, salamu hata hakuitikia, akatusukumia fomu ya marekebisho na pedi ya wino.

“Mzee, alama za vidole vyote kumi. Pungufu sipokei.”

Mjomba akabonyeza kimoja kimoja, taratibu. Visanduku vitatu vikabaki vyeupe.

“Mbona saba?” binti akafoka. “Vingine viko wapi?”

Mjomba akauweka mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili, juu ya neno “mpishi” kwenye hati yake.

“Andika tu, mwanangu. Nilivikata pamoja na vitunguu.”