Mzee Dapaah Katika Kamba Zote

Kwa miaka kumi na saba Birago Nsiah alikuwa karani wa vifurushi katika kituo kimoja cha mabasi pale Asafo, mjini Kumasi. Ukimpelekea gunia la vitunguu la kwenda Takoradi, alilibandika karatasi, akaandika namba yake, na mzigo ukafika. Mwenye mabasi alipofariki na watoto wake wakayauza, Birago alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na mume aliyeumia mgongo alikuwa amelala nyumbani. Wenzake walienda kuuza nyanya soko la Kejetia. Yeye alijiandikisha darasa la kompyuta katika ukumbi wa kanisa, akakaa benchi moja na vijana waliomwita mama. Mwezi wa kwanza walimcheka. Mwezi wa tatu wakaanza kunakili kazi zake.

Akawa anatengeneza tovuti za wasusi na mafundi seremala, kazi ndogondogo, mpaka Maame Pokuaa alipomwita. Maame Pokuaa aliuza vitambaa vya msiba pale Adum: vyeusi, vyekundu, vyeupe vya ibada ya shukrani, vimechapwa picha na jina la marehemu. Ndugu za wafiwa walioko Accra na wengine walioko Ujerumani walikuwa wanampigia simu usiku na mchana.

"Dada Birago, nimechoka kuandika majina ya marehemu mgongoni mwa bahasha," alimwambia. "Nataka mtu aagize mwenyewe, alipe mwenyewe, mimi nione karatasi tu ikitoka kwenye mashine."

Kampuni ya malipo ilikuwa na API, yaani mlango ambao programu ya duka hupitia kuzungumza na programu ya malipo. Birago alisoma maelekezo yake wiki mbili, miwani puani. Mteja akishaagiza, tovuti ilipeleka ombi la malipo. Mteja alipoidhinisha kwenye simu, kampuni ilileta taarifa, na karatasi ya oda ikatoka dukani: jina la marehemu, picha, rangi, idadi ya vitambaa, siku ya mazishi, na chini kabisa simu iliyolipa na namba ya kumbukumbu ya malipo. Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri mpaka Maame Pokuaa akaanza kumwita Injinia mbele ya wateja.

Alhamisi ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, Birago alipita dukani na waakye yake, wali wa kunde, kwenye jani, akaingia uani ambako wachapaji walianika vitambaa. Kamba tatu zilikuwa zimejaa. Katika kila kitambaa alikuwepo mzee yuleyule mwenye kofia na masharubu meupe, akimtazama.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mzee Dapaah wa Mampong," alijibu Maame Pokuaa, amefurahi. "Huyo baba alikuwa na watu! Karatasi tisa zimetoka kwa jina lake tangu jana. Tumemaliza ya tatu sasa hivi. Mimi nikifa sijui kama nitapata hata mbili."

"Tisa?"

"Tisa. Labda wajomba hawaongei na shangazi, kila upande umeagiza vyake. Si unajua familia zetu."

Birago alizichukua zile karatasi. Zote zilikuwa na vitambaa kumi na viwili, vyeusi, mazishi Jumamosi. Na zote zilikuwa na namba moja ya simu. Akaiweka waakye chini.

"Maame, hii namba ni ya nani?"

"Ya Ntiamoah, wakala wa pale Bantama. Wasio na akaunti kwenye simu wanampa pesa taslimu, yeye anawalipia kwa simu yake."

Birago akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Programu yake ilikuwa inaitambua kila oda kwa namba ya simu iliyolipa. Alidhani kila mteja ana simu yake. Oda mpya ikija na namba ambayo tayari ipo, programu ilishika ile ya kwanza na kuitupa mpya. Familia tisa zilikuwa zimepita kwa Ntiamoah, na kila malipo yalipoingia, programu ikatoa karatasi ya mzee Dapaah.

"Maame, wasimamishe wachapaji."

"Kuna nini?"

"Hizi si oda za mtu mmoja. Kuna marehemu wanane wengine hapa, na sijui ni akina nani."

Maame Pokuaa alimtazama, akatazama kamba, akashika kichwa. "Yesu wangu! Jumamosi watu wanane wanazikwa, na mimi nimemchapa huyu?" Kisha sauti yake ikapanda. "Injinia! Nakuuliza wewe! Mtu aje kuchukua sura ya mama yake, nimpe mzee mwenye masharubu?"

Birago aliinuka kwenye ndoo. Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kwenye orodha ya duka zile oda nane hazikuwepo kabisa. Lakini alikumbuka jambo. Siku alipokuwa anaunganisha, maelekezo yalisema kwamba ombi la malipo linaweza kubeba maelezo ya oda ukipenda, si lazima. Yeye alipenda. Miaka yote ile ya vifurushi ilimfundisha kutoachia mzigo uondoke bila karatasi juu yake. Kama yalifika, kampuni ya malipo ilikuwa nayo, na kila malipo yalikuwa na namba yake ya kumbukumbu.

Aliandika ombi kwa namba ya karatasi ya kwanza, akalituma. Jibu likaja: malipo hayo hayapo.

Akajaribu ya pili. Hayapo.

"Inasemaje?" Maame Pokuaa alikuwa amemsimamia begani.

"Inasema hayapo."

"Hayapo vipi na pesa nimepokea?"

Swali hilo lilimzindua. Pesa zilikuwa zimeingia, kwa hiyo malipo yalikuwepo. Akalisoma tena ombi lake mstari kwa mstari, akaona alikokosea: alikuwa anafungua mlango kwa ufunguo wa majaribio, ule wa kufanyia mazoezi, usiojua chochote kuhusu malipo ya kweli. Akaweka ufunguo wa kazi. Alikosea mara mbili kuuandika, akaurudia.

Jibu likaja. Akalisoma kwa sauti. "Afua Tiwaa. Vyekundu, ishirini. Mazishi Ejisu."

"Soma tena," alisema Maame Pokuaa, taratibu.

Alisoma tena. Kisha ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Wote walikuwemo, na rangi zao, na siku zao, na picha zao. Maame Pokuaa aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaanza kucheka na machozi yakimtoka. Birago naye akacheka.

Oda moja tu ilikuwa na pengo: ya marehemu Akua Foriwaa, haikuwa na picha. Birago alipata namba ya binti yake kwenye maelezo, akampigia akiwa tayari kuomba radhi.

"Dada, samahani, picha ya mama haijatufikia."

"Hatukuituma," alisema yule binti. "Mama hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Akiona kamera anaingia jikoni. Tuandikieni jina tu, kubwa, kila mtu alione."

"Tutaliandika kubwa," alisema Birago.

Wachapaji walifanya kazi mchana wote, na Ijumaa tangu alfajiri. Birago aliibadilisha programu ili kila oda ijulikane kwa namba ya kumbukumbu, si kwa simu. Akaenda Bantama, akamwomba Ntiamoah alipie oda mbili za majaribio kwa simu yake, moja baada ya nyingine. Karatasi mbili zikatoka, na majina mawili.

Vile vitambaa ishirini na vinne vya ziada alitaka kuvinunua mwenyewe.

"Uvae sura ya mzee wa watu uende nayo wapi?" aliuliza Maame Pokuaa. Alipiga simu Mampong, wafiwa wakasema vipelekwe, vya wajukuu havijatosha.

Ijumaa saa kumi jioni mfuko wa mwisho ulichukuliwa. Birago alivuka barabara, akaagiza fufu ya muhogo na supu ya mbuzi, akala. Simu ikaita.

"Injinia," alisema Maame Pokuaa, "dada yangu wa Techiman naye anataka tovuti."

"Mwambie Jumatatu, Maame," alisema Birago, akanawa mikono, akaenda nyumbani kulala.