Mponda Kokoto wa Igogo Anayeingia Kwake kwa Dirisha

IGOGO, Mwanza. Saa moja asubuhi, Shigela Maige anatoka nyumbani kwake kwenda kazini. Anatanguliza nyundo, kisha mguu wa kulia, kisha kichwa. Kiuno kinagoma kidogo, lakini mkewe, Getruda, anamsukuma kutoka ndani, naye anatua nje ya dirisha salama salimini.

Mlango upo. Tatizo ni jiwe kubwa kama ng'ombe wawili lililoporomoka mlimani kwa mvua za mwaka jana, 1998, likaja kuuegemea. Hakufa mtu, wala kuku.

Kinachowachekesha majirani ni kwamba Shigela, mwenye miaka hamsini na miwili, kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya mawe. Kwa miaka ishirini ameyachoma moto, akayamwagia maji yapasuke, akayaponda kuwa kokoto na kuziuza, sasa shilingi mia mbili kwa debe.

"Wiki ile lilipoporomoka walikuja waandishi sita," anasimulia. "Magazeti siku hizi ni mengi kuliko dagaa! Kila mmoja ananiambia nikae juu ya jiwe, nihuzunike. Wa nne akasema huzuni yangu haitoshi, nivue viatu."

Picha zikatoka ukurasa wa mbele. Ofisi ya kata ikaziona, ikamwagiza asiliguse jiwe mpaka kamati ije kukagua maafa. Baada ya hapo waandishi walikimbilia ajali nyingine, na kamati haijaonekana hadi leo.

"Nimekwenda ofisini mara tisa. Wananiuliza, mbona gazetini hatulioni tena? Wanadhani limeondoka lenyewe."

Kwa mwaka mzima godoro, magunia ya mahindi na wageni vimepitia dirishani. Lakini Jumamosi hii wakwe wanakuja kutoka Kisesa kwa ajili ya mahari ya Rose, binti yao wa pekee, na mama wa bwana harusi yumo.

"Mkwe apite dirishani?" anauliza Getruda, mikono kiunoni. "Nimsukume kwa nyuma kama ninavyokusukuma wewe, baba Rose? Hapo hakuna ndoa!"

Shigela hacheki. Aibu hiyo anaiogopa kuliko ofisi nzima, maana Rose amesubiri siku hii kwa miaka mitatu.

Mwandishi anapotoa kamera, Shigela anapanda juu ya jiwe kwa mazoea na kuanza kufungua kamba za viatu. Anaambiwa safari hii si lazima ahuzunike. Anashuka, hajui uso auweke vipi.

Kuni ameshazipanga kulizunguka jiwe. Kesho alfajiri atawasha moto, na mpaka Ijumaa jioni anataka kizingiti kiwe kimefagiliwa.

Na kamati ikija?

"Karibu sana, waingie mlangoni," anasema. "Jiwe lao watalikuta lote, halijapungua hata kidogo. Nitakuwa nimelipanga tu kwenye madebe."