Huduma Iliyojibu Salama

Adero Okinyi alizaliwa Sirari, mpakani, kwenye nyumba ambayo shangazi zake wa upande wa Kenya waliingia bila hodi. Ukiwauliza habari za huko, ni nzuri kabisa. Chai ikishanyweka ndipo unaambiwa kuna msiba. Hakuna aliyeona ajabu, maana huku kwetu mtu mwenye adabu hutanguliza salama, shida ikafuata.

Dhahabu ilipopanda bei na kila kilima cha Tarime kikaanza kutobolewa, Adero aliajiriwa kuandika programu katika mgodi mmoja wa kati, si mbali na Kewanja. Mama yake akatangaza kanisani kwamba binti ni injinia wa dhahabu. Dhahabu yenyewe Adero hakuwahi kuishika. Kazi yake ilikuwa kuunganisha programu mbili zisizojuana. Moja ilikaa chumba cha taa, wachimbaji wanapochukulia taa zao za kichwani, ikijua nani amepitisha kadi na kushuka shimoni. Nyingine ilikaa kwa wapiga baruti, na kabla ya kulipua ilikuwa lazima iiulize ya kwanza: nani bado yuko chini? Swali na jibu vilipita kwenye huduma ya wavuti aliyoijenga Adero. Kila jibu hutanguliwa na namba. Mia mbili maana yake mambo sawa. Mia tano maana yake huku kumeharibika, usinitegemee.

Adero hakuipenda mia tano. Aliiona kama kumfokea mgeni mlangoni. Basi huduma yake ikawa inajibu mia mbili siku zote, na kumbukumbu za chumba cha taa zisipopatikana, ilieleza hayo kwa heshima ndani ya jibu, chini ya orodha tupu ya majina. Joram, aliyeandika programu ya baruti akiwa Mwanza, hakuwa na habari na maelezo. Programu yake ilitazama namba, ikahesabu majina, basi.

Mchana mmoja Adero alitoka kununua chapati kwa Bhoke, mamalishe wa getini. Zilikuwa zimebaki mbili, na Bhoke alikataa kuziuza. Ni za mume wake Machage, alisema, bado hajapanda kutoka shimoni. Adero akarudi na njaa yake. Alipopita mlango wa wapiga baruti aliona kioo cha kompyuta kinasema chini hakuna mtu, na Stanslaus, mkuu wao, anavaa kinga ya masikio.

Aliingia bila hodi.

"Mzee, usipige. Machage yuko chini."

Stanslaus akamwonyesha kioo. Adero akaenda kusimama mbele ya swichi ya kulipulia.

"Hicho kinadanganya, mzee. Mimi ndiye nimekifundisha."

Wakatuma mtu kwa miguu akaangalie. Seva ya chumba cha taa ilikuwa imezima tangu asubuhi. Machage na wenzake walipanda taratibu, wakilalamikia pampu iliyowachelewesha, na Adero akalia mbele ya watu bila kujificha. Jioni alikuwa ameshabadilisha huduma ijibu mia tano inapokwama, na Joram, kwa simu, akakubali programu yake ifunge swichi isibonyezeke kila inapoiona namba hiyo.

Stanslaus alimsikiliza Adero akieleza yote mpaka mwisho.

"Lakini hiyo seva huzima karibu kila wiki," alisema. "Hizo siku nyingine ilikuwaje?"

"Ilikuwa bahati, mzee."

Stanslaus, aliyeibonyeza ile swichi siku zote hizo, akavuta kiti akakaa.