Siku Filemoni Alipotolewa Barazani na Herufi Zake

Nyie wajukuu mnaosoma hapa, mmewahi kuona mtu anatolewa barazani na askari kwa kosa la vyeo vyake?

Mimi nimeona.

Kwa macho yangu haya. Ilikuwa Mamba, milimani Upare, mwaka wa 1948. Mwingereza alikuwa bado anatutawala na mimi nilikuwa darasa la tatu.

Nitawaeleza taratibu, maana nikiharakisha mtadhani natunga.

Baba yangu, Elirehema, alifariki wakati wa mvua za vuli za mwaka uliotangulia. Homa ya mapafu, siku nne tu. Akamwacha mama yangu, Eliwaza, na watoto wawili wa kike, mimi Ruthi na mdogo wangu, nyumba ya udongo iliyoezekwa majani makavu ya migomba, na shamba moja.

Shamba hilo ndilo lilikuwa maisha yetu. Migomba juu, kahawa katikati, magimbi kule chini kwenye unyevu. Tukinyang'anywa hilo, hatuna pa kulala wala cha kupika.

Na aliyetaka kutunyang'anya alikuwa mdogo wake baba. Gideoni.

Jumapili moja alikuja na suruali yake ya kanisani. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaziba mwanga wote.

"Shemeji, kahawa hii uchume, lakini iwe ya mwisho."

"Kwa nini iwe ya mwisho?"

"Shamba la ukoo halikai kwa mwanamke aliyezaa wasichana watupu."

"Wasichana hao ni damu ya kaka yako."

"Damu hiyo itaolewa. Itaondoka na shamba?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Ukitaka kunitoa, niite barazani. Sasa hebu ondoka mlangoni, sioni ndizi zangu."

Baba mdogo akacheka cheko la puani.

"Barazani hutakutana na mimi. Utakutana na watu waliosoma. Utayameza hayo maneno."

Tukadhani ni mkwara tu.

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka Same. Imepigwa taipu, karatasi nyeupe pee, imekunjwa mara tatu. Mama hakujua kusoma, akanipa mimi.

Ilisema hivi: "Wewe Eliwaza, mjane wa marehemu Elirehema, unaamriwa uondoke katika shamba kabla mwezi huu haujaisha. Ukikaidi, utaletwa mbele ya baraza."

Chini kabisa kulikuwa na jina: Filemoni, Adv., LL.B., J.P., Esq., P.O. Box, Same.

"Jina lake lote hilo?" mama akauliza.

"Filemoni ndilo jina, mama. Hayo mengine sijui."

Tukaipeleka kwa Mwalimu Eliufoo, aliyekuwa akitufundisha pale shuleni. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii Adv. ni wakili, mtu wa kumsemea mwenzake mahakamani. LL.B. ni shahada ya sheria, inatoka Ulaya huko. J.P. ni mtu aliyekabidhiwa na Serikali kulinda amani. Esq. ni heshima tu, kama kusema bwana, Wazungu wanaandikiana."

"Na hiyo P.O. Box?"

"Hilo ni sanduku la posta, Mama Ruthi."

"Kumbe hata sanduku lake lina cheo!"

Mwalimu hakucheka. Akarudisha ile barua kama inamuunguza vidole.

"Mimi usinitaje popote. Sikuiona barua hii."

Jamani, habari ilipanda mlima mbio kuliko moto wa kiangazi. Kesho yake watu walianza kutukwepa. Jirani yetu Hedwiga, aliyekuwa akiazima kinu chetu kila Jumamosi, alipita nje akasema kwa sauti, "Wengine waanze kufunga mizigo, kushuka tambarare ni mbali."

Mama alipokwenda kwenye ndiva, lile bwawa letu la maji ya mfereji, Nathanaeli msimamizi wa zamu akamgeuzia mgongo.

"Zamu yako isubiri kesi."

"Kesi inakunywa maji?"

"Mama Ruthi, usiniingize. Siwezi kushindana na mtu wa LL.B."

Magimbi yakaanza kunyauka. Mama akawa anateka maji mtoni kwa mtungi, akimwagilia alfajiri na jioni, mgimbi mmoja mmoja. Sikumwona akilia. Nilimsikia tu akisema peke yake, "Adv. Adv. Adv.," kama mtoto anayekariri.

Siku ya baraza watu walijaa mpaka nje. Mfumwa Manase, mtawala wetu aliyekuwa pia hakimu, aliketi mezani. Karani alikuwa kando yake na kitabu kikubwa.

Filemoni akaingia. Mfupi, koti jeusi zito, tai, mwavuli, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola, maana alikuwa ameupanda mlima kwa miguu. Baba mdogo alikuwa nyuma yake amembebea mkoba kama mpagazi.

"Huyo ndiye mjane mwenyewe?" Filemoni akauliza, akitunyooshea mwavuli. "Mbona mdogo hivi? Nilidhani nitapambana na mtu."

Watu wakacheka. Baba mdogo alicheka kuliko wote.

Mama akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Shikamoo, Mfumwa."

"Marahaba. Sema."

"Mimi sikusoma. Naomba karani aisome barua ya huyu bwana pamoja na vyeo vyake vyote, nijue najibizana na nani."

Filemoni akavimba kifua. Karani akasoma, akafika chini, akasita.

"Adv.," akasema. "Mfumwa, hapa ameandika kwamba ni wakili."

"Wewe ni wakili?" Mfumwa akamuuliza.

"Naam! Wakili kamili!"

Kimenuka.

Mfumwa akaweka kalamu chini polepole.

"Hujui kwamba Serikali imekataza mawakili kusimama kwenye mabaraza ya wenyeji? Hapa watu wanajisemea wenyewe. Wakili asiyejua hilo ni wakili wa wapi?"

Jasho likaongezeka. "Mfumwa, nilimaanisha... si wakili hasa hasa."

"Basi umelidanganya baraza kwa maandishi?"

"Nimekuja kama ndugu! Gideoni ni binamu yangu!"

"Vizuri. Babu yenu anaitwa nani?"

Filemoni akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama mkoba.

"Na hizi LL.B. na J.P. umezipata wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo mno, tuliokuwa mbele tu ndio tuliosikia. "Nilikuwa napiga taipu kwa wakili mmoja Tanga. Hayo majina nilikuwa nayapiga kila siku."

Askari akamshika mkono. Alitolewa koti likiburuzwa, na mwavuli akausahau. Nathanaeli wa ndiva ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wengine, mnafiki yule.

Mtauliza, mama alijuaje? Kabla hajafariki, baba aliwahi kuwa na kesi ya ng'ombe barazani pale, na mama alikaa siku nzima akisikiliza. Siku hiyo alimwona wakili wa kweli kutoka Moshi, mwenye koti lake, akiambiwa arudi alikotoka. Alipomsikia Mwalimu Eliufoo akieleza Adv. ni nini, akajua. Akanyamaza wiki tatu nzima, akimwacha Filemoni apande mlima mwenyewe.

Hukumu nayo msiihangaikie. Shamba lilibaki kwa mama, na maji tulipewa jioni ileile. Ila mistari ya juu ya kahawa Mfumwa aliamuru baba mdogo awe anaichuma mpaka atakapokufa, na mama hakupinga. Nilikasirika sana. Sikumpenda yule mtu, na mpaka leo simpendi.

Lakini funzo langu nimelipata kwake. Ukiwa na neno na ndugu yako, lipeleke mwenyewe, hata kama unatetemeka. Ukimkodi mwenye vyeo akusemee, atasema jambo jingine kabisa, nanyi mtauana kwa jambo hilo jingine.

Maana kabla ya hukumu, Filemoni alipokwisha kutolewa, Mfumwa alimgeukia baba mdogo.

"Msemaji wako ameondoka, Gideoni. Sasa sema mwenyewe. Unataka nini?"

Baba mdogo akasimama. Akauweka mkoba chini. Halafu akamtazama mama.

"Kaka alikuwa kwenye mkonge Tanga miaka minne. Ile kahawa nilipanda mimi. Miche niliibeba kichwani kutoka misheni, safari saba, na shemeji aliniona."

Mama akainamisha kichwa. Hakuwahi kukiinamisha tangu mambo yale yaanze.

"Siku ya mazishi wote walisimama wakasifu, kahawa ya Elirehema, kahawa ya Elirehema, na shemeji akanyamaza. Mimi nilitaka aseme tu mbele ya watu kwamba aliyeipanda ni Gideoni."